Kati ya Moto na Hamira: Kusafisha, Kupoza na Kutia Hewa Woti

Woti ni maji matamu ya kimea. Shayiri huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha hulowekwa katika maji ya moto mpaka wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo huchujwa na kuchemshwa pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Hapo bado si bia. Kilevi hakimo, na aliyezoea togwa atautambua utamu wake upesi. Kabla ya hamira kuingia, woti hupitia kazi tatu: mashapo hutengwa, joto hushushwa, oksijeni huingizwa. Zote huweza kukamilika ndani ya saa moja hivi, na kila moja ina joto lake. Woti inayotiwa hewa ingali moto huanza kuchakaa kabla haijawa bia, inayoachwa vuguvugu hukaribisha bakteria, na iliyopoa vizuri bila kutiwa hewa huidhoofisha hamira. Anayeanza kupika bia hupenda kutumia fedha na fikra zake kwenye kimea na hopsi, ilhali kasoro nyingi za bia ya nyumbani huzaliwa katika saa hii.

Uwazi wa woti hutafutwa mapema, tangu kwenye chombo cha kuchujia. Maji ya kwanza kutoka chini ya machicha huwa na ukungu wa unga na vipande vya maganda. Hukingwa kwa jagi na kurudishwa juu ya machicha taratibu, bila kuyatibua, mpaka yatoke yakiwa meupe ya kuonekana ndani. Kwa lita 20 kazi hii haizidi dakika kumi. Woti chafu kupita kiasi hubeba mafuta ya nafaka yanayopunguza povu la bia na kuharakisha kuchakaa kwa ladha yake kabatini. Maji ya kusuuzia machicha nayo yasizidi nyuzi 78 za Selsiasi, la sivyo maganda huachia ukakasi ambao hakuna dawa ya kuuondoa baadaye.

Kuchemsha ndiko kunakofanya kazi kubwa ya kusafisha. Woti inapochemka kwa nguvu, protini za shayiri hufunguka, hushikana na polifenoli za maganda na hopsi, na kuganda kuwa vipande vinavyozunguka ndani ya sufuria. Haya ndiyo mashapo ya moto. Yanaonekana kwa macho: woti iliyokuwa na ukungu hugeuka kimiminika cheusi-chekundu au cha dhahabu chenye vipande vinavyoelea ndani yake. Kuchemka hafifu hakutoi vipande hivyo vizuri, na maji yasiyo na kalsiamu ya kutosha hali kadhalika. Miligramu 50 hadi 100 za kalsiamu kwa lita, na pH ya karibu 5.2, huisaidia sana protini kuganda.

Mahali pa kupikia pia hubadilisha mambo. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mpishi wa wali lakini kubwa kwa mpika bia, kwa sababu kimea cheupe kina kiambata chenye salfa ambacho kikipata joto huvunjika na kutoa dimethaili salfaidi, gesi yenye harufu ya mahindi ya kuchemsha au kabichi. Kwa nyuzi 100 nusu ya kiambata hicho huvunjika katika dakika kati ya 35 na 40, na gesi hupaa na mvuke. Joto likipungua kwa nyuzi sita, muda huo hukaribia kuwa mara mbili. Kichocheo cha Ulaya kinachosema dakika 60 kitahitaji 90 au zaidi kwenye nyanda za juu, hasa kwa bia nyepesi za rangi ya dhahabu. Sufuria isifunikwe kabisa wakati huo, maana gesi iliyopaa itatonea tena ndani kutoka kwenye mfuniko.

Dakika 10 hadi 15 kabla ya kuzima moto huongezwa mwani. Ulaya hutumia mwani mwekundu wa mwambao wa Atlantiki, Chondrus crispus, na kinachofanya kazi ndani yake ni karajinani, mnyororo wa sukari wenye chaji hasi unaozinasa protini zenye chaji chanya. Karajinani hiyohiyo ndiyo inayofanya viwanda vya nje vinunue mwani wa Zanzibar, unaolimwa tangu mwaka 1989, kwa sehemu kubwa na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani. Aina mbili hulimwa huko. Cottonii hutoa karajinani ya kapa, ambayo ndiyo inayosafisha woti. Spinosum hutoa ya iota, inayofaa zaidi kwa vyakula na vipodozi. Cottonii ndiyo isiyostahimili maji ya bahari yanapopata joto, kwa hiyo sehemu kubwa ya zao la Unguja ni spinosum. Mpika bia asidhani basi kwamba fungu lolote la mwani mkavu lenye chumvi na mchanga litafanya kazi ya kidonge cha karajinani iliyosafishwa. Kijiko kimoja cha chai cha mwani wa Atlantiki uliosagwa, au nusu kidonge, hutosha lita 20. Kuzidisha hakuongezi uwazi. Mashapo huvimba, yakawa mepesi, yakatwaa sehemu ya chini ya chombo pamoja na woti nzuri iliyonaswa humo.

Moto ukizimwa, vipande vilivyoganda vinatakiwa vitengwe. Njia iliyoenea viwandani ni ya mzunguko, iliyoanzia katika kiwanda cha Molson nchini Kanada mwaka 1960. Woti husukumwa ndani ya tangi la duara kwa pembeni ili izunguke yote, kisha huachwa itulie. Mtu angetarajia uchafu utupwe ukutani, lakini hukusanyika katikati ya sakafu na kufanya kichuguu. Sababu yake ilielezwa na Albert Einstein mwaka 1926, alipoandika juu ya majani ya chai ambayo hujikusanya katikati ya kitako cha kikombe kilichokorogwa. Kimiminika kinachozunguka hubana zaidi pembeni kuliko katikati. Juu, mwendo wake unatosha kuhimili mbano huo. Chini, msuguano wa sakafu hupunguza mwendo, mbano hushinda, na mkondo huelekea katikati ukikokota kila kizito kilichozama.

Nyumbani, sufuria na mwiko mrefu vinatosha. Woti hukorogwa kwa upande mmoja dakika moja au mbili mpaka shimo litokee katikati, mwiko hutolewa, sufuria hufunikwa na kuachwa dakika 15 hadi 20. Woti huvutwa kutoka ukingoni, si katikati, na lita moja au mbili za mwisho huachwa pamoja na kichuguu. Tamaa ya kuzikamua lita hizo ndiyo huharibu kazi yote. Hopsi zilizosindikwa kuwa punje hutulia vizuri kwa njia hii. Hopsi za maua mazima hazitulii, lakini juu ya chujio zenyewe hugeuka tabaka la kuchujia, na woti hupita ikiwa safi. Mapumziko haya yasizidi nusu saa, kwa kuwa dimethaili salfaidi huendelea kuzaliwa woti ikiwa moto, na bila mchemko hakuna kinachoifukuza. Uchungu wa hopsi pia huendelea kupanda mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 80 hivi.

Hofu nyingine iko chini zaidi kwenye kipimajoto. Juu ya nyuzi 60 woti hujilinda yenyewe. Ikishuka chini ya hapo, na hasa kati ya 40 na 20, huwa chakula cha bakteria wa kila namna, na hopsi huwazuia baadhi yao tu. Kupoza haraka, kwa hiyo, ni kupita upesi katika eneo hilo na kuiwahisha hamira kabla ya wageni.

Kabla ya mashine za kupozea kuenea, woti ilimwagwa kwenye karai pana lenye kina kifupi, mara nyingi juu kabisa ya jengo, ikaachwa ipoe kwa upepo wa usiku. Cantillon ya Brussels hupoza hivyo mpaka leo, katika miezi ya baridi tu, kwa sababu bia yake ya lambiki huchachushwa na vimelea vinavyotua humo vyenyewe. Kwa bia za namna nyingine hilo ni janga. Viwanda vya kisasa hutumia kipozeo cha mabamba, kifaa ambacho Richard Seligman alikileta sokoni Uingereza mwaka 1923 kwa ajili ya kupasha maziwa joto la kuua vijidudu. Woti na maji baridi hupita pande mbili za mabamba membamba yakielekeana. Woti hutoka ikiwa tayari kwa hamira, na maji hutoka yakiwa ya moto kiasi cha kutumika kulowekea kimea cha mpiko unaofuata.

Mpika bia wa lita 20 hutumia koili ya shaba nyekundu au ya chuma kisichoshika kutu, bomba la mita nane hadi kumi na tano lililoviringishwa, ambalo maji ya bomba hupita ndani yake. Koili huzamishwa woti ikingali inachemka, dakika 15 kabla ya kuzima, na mchemko huo huitakasa. Woti iliyotulia hupoa polepole kwa sababu tabaka lililogusana na bomba hupoa na kubaki palepale. Kuisogeza koili taratibu, au kuikoroga woti kwa mwiko uliotakaswa, hupunguza muda kwa kiasi cha kushangaza, na hakugharimu kitu.

Hesabu ya maji inafaa kufanywa mapema, hasa penye mgao. Kuishusha woti ya lita 20 kutoka nyuzi 100 hadi 25 ni kuiondolea takriban kilojuli 6,000. Kila lita ya maji inayoingia ikiwa na nyuzi 25 na kutoka ikiwa na wastani wa 45 huchukua kilojuli 84. Mpiko mmoja hula basi lita 70 au zaidi, nazo si za kumwaga. Za mwanzo hutoka moto na zinafaa kuoshea vyombo, zilizobaki hufua nguo au kumwagilia bustani.

Pwani hesabu hiyo hugonga mwamba. Koili haiwezi kuipoza woti chini ya joto la maji yanayopita ndani yake, na maji ya tangi la juu ya paa Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi yamekaribia nyuzi 30 au kuzipita. Woti itafika 35, kisha itagoma. Kuongeza maji wakati huo ni kupoteza maji. Hapo ndipo barafu inapokuwa na thamani, kwa kuwa kilo moja ikiyeyuka huchukua kilojuli 334, na zaidi ya hapo maji yake yanapopata joto. Kilo tatu kwa nadharia, au tano kwa kuzingatia joto linalopotea, hushusha lita 20 kutoka 35 hadi 20. Barafu isitumike mwanzoni dhidi ya woti inayotokota, ambako maji ya kawaida hufanya kazi vizuri tu. Iwekwe kwenye ndoo ya maji, na maji hayo yazungushwe ndani ya koili kwa pampu ndogo baada ya maji ya bomba kuishiwa nguvu. Barafu haitupwi ndani ya woti yenyewe, isipokuwa imegandishwa kwa maji yaliyochemshwa ndani ya chombo kilichotakaswa.

Njia nyingine ya pwani ni kubadilisha hamira badala ya kupambana na joto. Hamira za wakulima wa magharibi ya Norwe, ziitwazo kveik, hasa za Voss, huchachusha vizuri kati ya nyuzi 35 na 40, na kwa hizo maji ya bomba yanatosha. Hamira za kawaida za bia zinazochachuka juu (eli) hutaka 18 hadi 20, na za laga 8 hadi 12. Hamira hizi zikitiwa katika woti ya nyuzi 30 kwa kutumaini kwamba itapoa usiku, bia hutoka na harufu za spiriti na kichwa huuma asubuhi.

Australia, ambako ukame umewafanya watu wahesabu kila lita, baadhi ya wapika bia wa nyumbani waliacha kupoza kabisa. Woti hujazwa ikiwa ya moto, zaidi ya nyuzi 80, ndani ya jerikani la plastiki nzito linalohimili joto hilo, hewa hukamuliwa, kizibo hufungwa, jerikani hulazwa ubavu ili joto liguse kila kona, nalo huachwa mpaka kesho. Ni njia ya kweli na inafaa mtaa wenye maji mara mbili kwa wiki. Masharti yake ni mawili. Hopsi za dakika za mwisho hukokotolewa upya, maana zitaendelea kutoa uchungu kwa saa nyingi. Na hamira hutiwa mara woti ipoapo. Kuihifadhi woti hiyo kwa wiki kadhaa kwenye joto la chumba ni hatari, kwani haina tindikali ya kutosha kumzuia bakteria wa botulini, ambaye mbegu zake hustahimili mchemko.

Kuanzia nyuzi 60 kushuka chini, kila kinachogusa woti kiwe kimetakaswa: bomba, chujio, mfuniko, hata mkono unaokaribia. Dawa ya klorini ya kufulia hupatikana kila duka, lakini mabaki yake hushikana na fenoli za bia na kuacha ladha ya plasta ya jeraha hata yakiwa kidogo sana. Ikibidi itumike, chombo kisuuzwe mara kadhaa kwa maji yaliyochemshwa. Dawa za asidi au za iodini zisizohitaji kusuuzwa ni bora.

Woti inapopita chini ya nyuzi 60, ukungu mpya hutokea. Haya ni mashapo ya baridi, chembe ndogo sana za karibu mikroni moja, ambazo hazitulii kwa urahisi. Vitabu vya zamani huzisakama mno. Ukweli ni kwamba viwanda vingi huziacha zipite, na kwa mpika bia wa nyumbani hazina madhara ya kumkosesha usingizi. Kiasi kidogo cha mashapo hayo huipa hamira mafuta na zinki. Kinachopaswa kubaki nyuma ni wingi wa mashapo ya moto na hopsi. Aliyepoza kwa koili anaweza kuitoa, kuizungusha woti tena kwa mwiko uliotakaswa na kuiacha nusu saa kabla ya kuivuta.

Mpaka hapa oksijeni imekuwa adui. Woti ya moto iliyorushwarushwa hufifia ladha na kukoza rangi, na hewa nyingi haiyeyuki humo hata hivyo. Woti ikishapoa mambo hugeuka. Hamira hutumia oksijeni kutengeneza steroli na mafuta ya utando wa seli zake. Ikizikosa, kila seli inayogawanyika hugawana akiba iliyopo, na baada ya vizazi vichache utando huwa dhaifu mbele ya kilevi. Dalili hujulikana: uchachushaji unaochelewa kuanza, unaosita kabla sukari haijaisha, na bia yenye harufu ya tofaa bichi au salfa.

Kiwango kinachotafutwa kwa bia ya kawaida ni miligramu 8 hadi 10 za oksijeni kwa lita, na zaidi kidogo kwa laga na bia kali. Kuitikisa woti ndani ya chombo kwa dakika kadhaa, kuimwaga kutoka juu, au kutumia pampu ya hewa ya tangi la samaki yenye chujio la vimelea, zote hutia hewa, na hewa ni oksijeni kwa asilimia 21 tu. Usawa wa bahari, kwa nyuzi 20, woti ya uzito wa kawaida haishiki zaidi ya miligramu 8 hivi kutoka hewani, hata itikiswe kiasi gani. Mombasa, kwa nyuzi 28, kikomo hushuka karibu na 7. Nairobi joto linafaa lakini hewa ni nyepesi: kanieneo yake ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani, na kikomo ni karibu 6.5. Bia kali, ambayo ndiyo yenye uhitaji mkubwa, hushika pungufu zaidi kwa sababu ya sukari nyingi.

Oksijeni safi huvuka kikomo hicho. Hupitishwa kwenye kijiwe cha chuma chenye matundu ya nusu mikroni kilichozamishwa chini ya woti, na lita moja kwa dakika, kwa muda wa dakika moja, huifikisha woti ya lita 20 kwenye miligramu 9 hivi. Mitungi hupatikana kwa wauza gesi ya mafundi wa kuchomelea. Kati ya mtungi na kijiwe huwekwa chujio la vimelea. Mafuta au grisi yasikaribie kabisa vali ya mtungi wa oksijeni, kwa kuwa yanaweza kulipuka bila cheche, wala sigara isiwashwe karibu. Kuzidisha nako kuna gharama. Hamira huzaliana kupita kiasi, ikala sukari kwa kujikuza, na bia hupoteza harufu za matunda zinazotarajiwa.

Hamira kavu ya pakiti ni jambo tofauti. Imekuzwa kiwandani penye hewa tele na huja na akiba yake ya steroli, kwa hiyo watengenezaji wake hawalazimishi woti kutiwa hewa katika mpiko wa kwanza. Anayepika lita 20 kwa pakiti moja mpya hana sababu ya kununua mtungi. Anayevuna hamira chini ya chombo na kuitumia tena, au anayetumia hamira ya maji, ndiye anayeihitaji oksijeni kweli.

Oksijeni huingizwa muda mfupi kabla ya hamira au pamoja nayo, na hamira yenye afya huimaliza ndani ya saa chache. Bia kali sana huweza kupewa dozi ya pili kabla ya saa kumi na mbili kupita. Baada ya hapo chombo hufungwa kwa mfuniko wenye kizibo cha maji. Ikipita siku nzima bila povu, kipimajoto na kipima uzito wa woti huangaliwa kwanza: mara nyingi hamira imetiwa penye baridi mno au moto mno, au kazi imekwishaanza na gesi inatoroka pembeni mwa mfuniko uliolegea, na chombo kikitikiswa wakati huo bia changa hupata oksijeni isiyoihitaji tena.